Maombi ya asubuhi hayafuti mshahara uliochelewa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuuzungumzie mtindo ulioenea maofisini na viwandani. Morali ikishuka tu, uongozi unamwita mhamasishaji wa kulipwa, au unaanzisha maombi ya pamoja kabla ya kazi, au unabandika ukutani maneno matano kwa rangi ya dhahabu: Uadilifu, Uwajibikaji, Heshima, Ubora, Upendo. Miezi mitatu baadaye utegaji uko palepale, vifaa vinaendelea kutoroka stoo, na kwenye kikao cha menejimenti inasemwa kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawana hofu ya Mungu.

Sisi ni watu wa rasilimali watu na ukaguzi wa ndani. Tunalosema ni kwamba wengi wa wafanyakazi hao waliingia kazini siku ya kwanza na hofu hiyo ya Mungu tayari, na asiye na dini aliingia na dhamiri yake. Walilelewa nayo. Taasisi haina haja ya kuwatia kitu ambacho wanacho. Inachotakiwa ni kuacha kukisaga. Na mahali kinaposagwa panajulikana: ni kwenye makaratasi ya ofisi, si moyoni mwa mtu.

Kwanza hilo la kuwakumbusha watu maneno matakatifu. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliodai kwamba wanafunzi walioombwa kukumbuka Amri Kumi kabla ya jaribio la hesabu hawakudanganya kwenye majibu, ilhali wenzao walioombwa kukumbuka vitabu walivyosoma walidanganya. Ulipendwa sana kwenye semina za maadili. Mwaka 2018 maabara 25 zikarudia jaribio hilohilo kwa watu zaidi ya 5,700, na athari hiyo haikuonekana. Upo na mwingine wa mwaka 2012, uliosema kwamba mtu akitia saini ya kiapo cha ukweli juu ya fomu badala ya chini, husema kweli zaidi. Huo uliondolewa rasmi mwaka 2021 baada ya kubainika kwamba takwimu za jaribio lake moja zilikuwa za kughushi. Utafiti wa uaminifu, takwimu za kughushi; mkaguzi hana budi kucheka.

Hatusemi neno la Mungu halina nguvu. Tunasema dakika kumi za kulikumbuka haziwezi kushindana na saa nane za kuamrishwa kinyume chake.

Na uongozi ukiamua kunukuu, unukuu hadi mwisho. Wakolosai 3:23, "lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu", ni mstari unaopendwa mno na mabosi. Mistari mitatu mbele, 4:1, zamu inawageukia mabwana wenyewe: wawatendee haki walio chini yao, wakijua kwamba nao wana Bwana mbinguni. Huo hausomwi. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inawaonya wanaopokea kipimo kamili na kutoa pungufu. Hutumiwa kumsema mfanyakazi anayekula mshahara mzima kwa kazi nusu, na ni sawa, lakini inamhusu vilevile mwajiri anayechukua saa kumi na kuandika nane. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, nayo inafundisha, katika 2:47, kwamba mtu ana haki ya kutenda, si ya matunda ya tendo. Hilo ni la mtenda kazi kuuambia moyo wake. Mhasibu hawezi kulitumia kuzuia malipo.

Kwenye ujira hasa, vitabu havizunguki. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua ulale kwa mwajiri hadi asubuhi. Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inaagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema karibu jambo hilohilo kisheria: ujira ulipwe kwa vipindi vinavyojulikana, na mfanyakazi aelezwe masharti ya malipo yake na makato yake.

Kwa vitendo, tarehe ya mshahara iandikwe kwenye mkataba, na ikiangukia siku ya mapumziko malipo yatangulie, yasisubiri siku ya kazi inayofuata. Hati ya mshahara ionyeshe kila kato kwenye mstari wake. Kato lililoandikwa "mengineyo" ni mwanzo wa minong'ono. Saa za ziada zihesabiwe kutoka rejista ya mahudhurio, si kutoka kichwani mwa msimamizi, na zilipwe mwezi uleule. Fedha zikikwama, watu waambiwe kabla ya tarehe, kwa maandishi, kiasi gani kitatoka na lini, na mishahara ya juu ndiyo ianze kusubiri. Watu wanajua biashara huyumba na wengi huvumilia. Wasichovumilia ni kuona gari jipya la mkurugenzi likiingia getini wiki hiyohiyo.

Kibaya zaidi ni michango ya pensheni. Inakatwa kila mwezi, hati ya mshahara inaonyesha, lakini haifiki kwenye mfuko, na mtu anagundua siku anapostaafu au anapougua. Huo ni wizi, na semina yoyote ya maadili itakayofuata itasikilizwa kwa kukonyezana. Kinga yake ni moja: kila baada ya miezi sita mfanyakazi apate taarifa ya michango yake kutoka kwenye mfuko wenyewe, si kutoka kwa mhasibu wa ofisi.

Frederick Herzberg, aliyechapisha mwaka 1959 matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200, aliona kwamba mshahara mbovu na usimamizi mbaya huwachukiza watu, ila kuvirekebisha huondoa kinyongo tu. Ari hutoka kwenye kazi yenyewe, kufanikiwa, kutambuliwa na kukabidhiwa wajibu. Amepingwa kwa jinsi alivyokusanya maelezo yake, na wapingaji wana hoja. Hata hivyo mfuatano wake unafaa kazini: ondoa kinyongo kwanza, ndipo uzungumzie ari.

Twende stoo sasa, kwa sababu dhamiri ya mtu huweza kuvunjwa pale kwa dakika mbili. Lori limesimama. Hati ya mzigo inasema mifuko 100, mtunza stoo amehesabu 94. Dereva ana haraka na anawasha injini. Mtunza stoo anampigia bosi simu, na bosi anajibu, "Saini tu, hiyo sita italetwa kesho." Anasaini 100. Kesho hakiji kitu. Mwezi ujao anaambiwa asaini tena, na akisita anaonyeshwa saini yake ya kwanza. Tangu hapo hawezi kumkemea kijana anayetoka na misumari mfukoni, na kijana anajua kwamba hawezi. Mtu huyu hakupungukiwa na dini. Alipungukiwa na utaratibu wa kuegemea wakati anasema hapana.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mzigo uhesabiwe kabla kalamu haijatolewa. Idadi halisi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno kwenye nakala zote, ya dereva ikiwemo, na dereva atie saini pembeni ya sahihisho. Nakala moja iende uhasibu siku hiyohiyo, isilale stoo. Uhasibu usilipe ankara mpaka karatasi tatu zilingane: oda ya ununuzi, stakabadhi ya kupokelea mali na ankara yenyewe. Anayeagiza asipokee, na anayepokea asiidhinishe malipo. Mahali penye wafanyakazi watatu tu, ambapo kazi haigawanyiki hivyo, mmiliki ahesabu mwenyewe siku moja kwa wiki bila kutangaza. Na liwepo agizo la maandishi kwamba hakuna saini ya amri ya simu: bosi anayetaka iandikwe 100 aje aiandike kwa mkono wake. Mtashangaa simu za namna hiyo zitakavyopungua.

Donald Cressey, aliyewahoji wafungwa waliofuja fedha walizokabidhiwa na kuchapisha kazi yake mwaka 1953, alikuta mambo matatu yakikutana: shida ambayo mtu hawezi kumwambia mwenzake, upenyo, na sababu ya kujihalalishia. Uongozi hutumia fedha nyingi kuziba upenyo kwa kufuli na kamera. Ile sababu ya kujihalalishia wanaisahau, na mara nyingi wao ndio wanaoitoa. "Mbona na wao wanakula" haitungwi na mtu mwenye bosi msafi.

Kuhusu kutoa taarifa: ripoti ya mwaka 2024 ya chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, ACFE, inaonyesha kwamba asilimia 43 ya kesi ilizokusanya ziligunduliwa kwa taarifa za watu, na zaidi ya nusu ya taarifa hizo zilitoka kwa wafanyakazi. Kwa hiyo mwenye dhamiri ndani ya taasisi ana thamani kuliko ukaguzi wetu sisi, na tunakiri hilo bila kinyongo. Apewe njia mbili za kusema, moja isipite kwa bosi wake. Ajibiwe ndani ya siku saba kwamba taarifa imepokelewa. Kwa miezi 12 asihamishwe, asipangiwe zamu mbaya, wala asinyimwe mkataba mpya kabla mtu wa nje ya idara yake hajaupitia uamuzi huo. Sanduku la maoni lililotundikwa mlangoni pa meneja, chini ya kamera, litaendelea kupata vumbi.

Malengo ya kazi nayo yana dhambi zake. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilikuwa na maadili yaliyoandikwa vizuri, na pia shabaha ya kumuuzia kila mteja bidhaa nane. Mwaka 2016 ilitozwa faini ya dola milioni 185: akaunti zipatazo milioni mbili zilidaiwa kufunguliwa bila idhini ya wateja, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamekwisha kufukuzwa kwa ajili hiyo katika miaka iliyotangulia. Watu 5,300 hawageuki wadanganyifu wa aina moja bila kusukumwa. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka mwaka 2001 kwa udanganyifu wa mahesabu, ilikuwa na kanuni za maadili za kurasa 64.

Kwa hiyo kabla lengo halijapitishwa, mkuu wa kitengo aulizwe: mfanyakazi wa kawaida, si yule nyota, alifikisha kiasi gani mwaka jana bila kukiuka taratibu? Lengo jipya likipita hapo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na hakuna watu wapya wala vifaa vipya, aandike litafikiwaje. Akishindwa kuandika, analoomba ni udanganyifu, hata kama hajui. Na kila kipimo cha wingi kifungwe na cha ubora: akaunti zilizofunguliwa pamoja na zilizobaki hai baada ya siku 90, simu zilizopokelewa pamoja na wateja waliolazimika kupiga mara ya pili kwa tatizo lilelile.

Zawadi za fedha zinahitaji tahadhari ya aina yake. Mwaka 1971 Edward Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya kupanga vipande. Waliolipwa kwa kila fumbo, malipo yalipokoma, waliyachezea kwa muda mfupi kuliko awali katika muda wao wa mapumziko. Mwaka 2000 Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha habari za vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli, vilivyoanza kuwatoza faini wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto. Ucheleweshaji uliongezeka. Faini ilipofutwa haukurudi chini. Aibu ya kumchelewesha mlezi ilikwisha kugeuzwa huduma yenye bei.

Kwa sababu hiyo hatuungi mkono tuzo ya "Mfanyakazi Mwadilifu wa Mwezi". Kwanza, inaishia kuzungushwa kwa zamu ili kila idara iridhike. Pili, inawaambia waliobaki kwamba uadilifu ni wa mtu mmoja kwa mwezi. Ustadi upewe zawadi mbele ya watu, kwa vigezo vilivyobandikwa tangu mwanzo wa mwaka. Uaminifu ushukuriwe kwa jambo moja ambalo watu waaminifu hulitaka kuliko bahasha: kile walichokiripoti kirekebishwe, na waambiwe kimerekebishwa.

Kama kuna mahali ambapo hamasa ya dakika kumi inafaa, basi ni hapa. Mwaka 2007 Adam Grant na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika kwenye kituo cha simu cha chuo kikuu kimoja cha Marekani, ambako wafanyakazi walikuwa wakiwapigia watu kuomba michango. Kundi moja lilikutana kwa dakika kumi na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umepanda kwa asilimia 142, na fedha walizokusanya kwa asilimia 171. Kundi lililosoma barua ya mwanafunzi bila kumwona halikubadilika. Ni jaribio moja, katika kazi ya aina moja, na hatuahidi asilimia hizo kwa mtu yeyote. Lakini gharama yake ni ndogo na mwelekeo wake unaeleweka: mtu anataka kujua kazi yake imemfikia nani.

Ukitaka kulifanya hili, mlete mtu ambaye kazi yenu ilimgusa kweli, kwa ridhaa yake na nauli yake ikiwa imelipwa. Kundi lisizidi watu 15, la sivyo ni mkutano wa hadhara. Mkurugenzi asihutubie, na ikiwezekana asiwepo. Mgeni aulizwe ni nini kilibadilika kwake, na ni wapi mlimchosha. Mara moja kwa miezi mitatu inatosha. Linaloharibu zoezi hili ni idara ya mawasiliano kumwandikia mgeni cha kusema, au kumfanya asimame kushukuru mbele ya kamera hadi wote waone haya. Na msiwaache nje mlinzi, mfagizi na mtu wa masijala. Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, katika andiko lao la mwaka 2001, walieleza juu ya wafagizi wa hospitali waliojihesabu kuwa sehemu ya uponyaji wa wagonjwa na wakapanga kazi yao kwa kufuata hilo, ilhali wenzao wenye kazi ileile waliona sakafu tu. Hakuna bonasi iliyowatofautisha.

Na ibada je? Iwepo, kwa wanaoitaka. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unataja dini miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo kazini, na ubaguzi wa kawaida zaidi hauna kelele: ni kupandishwa cheo kwa wanaoonekana kwenye maombi. Mahudhurio yasiandikwe. Asiongoze bosi, kwa kuwa mtu hawezi kuukataa mwaliko wa anayemjazia tathmini ya utendaji. Kama ibada iko ndani ya saa za kazi, wasiohudhuria wapumzike dakika hizohizo. Kama iko kabla ya saa za kazi, asije mtu kuambiwa amechelewa kwa kufika saa yake halisi.

Chumba kiwe kimoja, kisafi, kisicho na alama za kudumu za dini yoyote, chenye rafu ya viatu na bomba la maji karibu kwa wanaotawadha. Zamu zibandikwe wiki mbili kabla, zikizingatia sala ya Ijumaa adhuhuri, Sabato inayoanza machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi, na ibada za Jumapili. Kubadilishana zamu kuruhusiwe kwa maandishi, ila msimamizi aangalie mzigo usimwangukie mtu mmoja kila wiki, hasa yule asiye na dini au asiye na familia. Huyo naye ana haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo katika kila siku saba, kama unavyosema Mkataba Na. 14 wa mwaka 1921 kwa kazi za viwandani. Mwezi wa Ramadhani kazi nzito na za mashine ziwekwe asubuhi inapowezekana, na wasiofunga wasinyimwe mlo wao wala kufichwa wakila.

Mchungaji, shehe au mshauri anayeitwa kuwasikiliza wafanyakazi asiwe na faili ofisini. Akiulizwa na meneja fulani alisema nini, jibu liwe hakuna. Mara moja tu neno likivuja, hakuna atakayekwenda tena kuzungumza naye, na wala hatakuwa na haki ya kuwalaumu. Mwisho, bahasha ya sadaka isizungushwe na msimamizi, na mchango wowote unaokatwa kwenye mshahara bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe urejeshwe wote mwezi huu, ukionyeshwa kwenye mstari wake katika hati ya mshahara.

Ni sisi,
Maafisa rasilimali watu na wakaguzi wa ndani, wasomaji wako